Barua Iliyomrudisha Latif

Nabeul, 30 Oktoba 2017

Bwana Nejib Jaziri,

Salamu nitakupa siku nikijua unazistahili.

Mwaliko wako umefika. Latif aliuleta mwenyewe mezani, akauweka kando ya sahani yangu ya kuskusi, akasimama kungoja niusome, utadhani kaniletea cheti cha mtihani. Ndugu yangu ana miaka hamsini na moja. Tangu atoke gerezani sijapata kumwona akingojea kitu kwa hamu namna ile.

Miezi mitatu sasa namwangalia akishona lile vazi la kifuani uani kwangu, kitambaa cheusi, tundu kwa tundu, akinong'ona kila sindano inapoingia. Nilimtania kwamba ndiye fundi wa kwanza duniani anayetengeneza vyerehani vya mji mzima halafu anashona kwa mkono. Akacheka. Kwa kicheko kile ningemruhusu ashone hata hema. Wala sikuwa na neno na hiyo Zen yenu ya Kibudha. Mtu anapanda basi kila Jumanne kwenda La Marsa kukodolea ukuta macho, kisha anarudi, anaswali, anakula, analala. Analala, Bwana Jaziri. Miaka kumi na mitatu hakulala. Nilikuwa nakuombea dua bila kukujua, wewe tabibu wa nafsi uliyempa ndugu yangu usingizi.

Halafu nikaiona sahihi yako chini ya mwaliko.

Marehemu mama aliweka ndani ya kopo la biskuti ile karatasi ya safari ambayo ubalozi wetu ulimpa Latif mwaka 1991 alipokuwa akisoma ng'ambo, karatasi ya kuja tu, isiyo na kurudi. Gereza lilituletea pamoja na koti lake. Jina la mwenye kuitoa limeliwa na maji, lakini sahihi ipo, ile J yenye mkia unaozunguka mara mbili chini ya mstari. Mimi ni mwalimu mkuu, nasahihisha madaftari tangu 1990. Mwandiko wa mtu haunipotei. Nimeziweka karatasi mbili pamoja dirishani, na mkono ni mmoja.

Umeandika kwamba tarehe 2 Desemba utampa Latif jina jipya, uliandike nyuma ya vazi na utie sahihi. Yaani sahihi iliyomtupa gerezani miaka kumi na mmoja sasa ailaze kifuani?

Niambie kwamba si wewe. Na kama ni wewe, mwambie Latif kwa mdomo wako kabla ya siku hiyo. Usipomwambia nitakuja na karatasi yangu, niisome mbele ya watu wako wote na ukimya wao. Usijaribu kunipigia simu, maana simu yangu Latif ndiye anayeishika kutwa. Andika.

Zohra Mahjub


La Marsa, 4 Novemba 2017

Mheshimiwa Bibi Zohra,

Amani iwe juu yako na juu ya nyumba yako.

Nimeipokea barua yako na kuisoma kwa uzito inaostahili. Nauelewa uchungu ulioiandika, na nakushukuru kwa kuja kwangu kwanza. Ni kweli kwamba katika miaka ile nilizitumikia ofisi zetu za nje, kama walivyozitumikia wengi wa rika langu, na ni kweli kwamba karatasi nyingi zilipita mikononi mwangu. Mazingira ya wakati ule yalikuwa magumu kwa kila upande.

Kuhusu Latif, kazi yangu hainiruhusu kuzungumza habari za mtu ninayemtibu, hata na dada yake. Naweza kusema tu lile ambalo wewe mwenyewe umeliona, kwamba ametoka mbali. Mtu wa hali yake haambiwi jambo zito siku yoyote tu. Naomba uniachie mimi nichague wakati na namna, pengine mwakani, akishakuwa imara zaidi. Siombi hili kwa ajili yangu, na nakusihi ulifikirie mara mbili, kwa sababu jambo hili lina pande ambazo huenda hujaziona zote.

Sahihi ni yangu.

Wako kwa heshima,
Nejib Jaziri


Nabeul, 9 Novemba 2017

Bwana Jaziri,

Barua yako nimeipitia na kalamu nyekundu. Adabu tele, na maneno matatu ya kweli mwishoni kabisa, karibu yadondoke nje ya karatasi.

"Karatasi nyingi zilipita mikononi mwangu." Zilipita zenyewe? Zilikuwa na miguu? Mtoto wa darasa la nne akiniandikia hivyo namrudisha akaseme nani alifanya nini. Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi si mgeni wa dhifa zenu.

Eti mwakani. Mwakani utakuwa umeshamwandika kifuani na yeye ameshakupigia magoti. Eti hali yake. Mwaka 2013 ni mimi niliyepanda darini nikaikata kamba kwa kisu cha jikoni, nikamshika mpaka akapumua. Usinifundishe hali ya Latif. Hofu uliyo nayo juu yake mimi nilikuwa nayo kabla hujamwona, na ndiyo maana sitaki alisikie sokoni wala kwa mtu mwingine. Mtu aliyedanganywa na mtu anayemwamini anaweza akapanda tena darini, na safari hii mimi nikachelewa.

Swali langu ni moja. Ulimjua lini? Siku ya kwanza, au ulimjua baadaye? Kwa sababu kama ulimjua tangu mlangoni, ukamkalisha, ukamsikiliza miaka miwili akikuhadithia yale waliyomfanyia, na wewe unaitikia kwa kichwa tu, basi sijui nikuite nani.

Na hizo "pande ambazo sijaziona" usinitupie kimafumbo. Kama unalo, liseme.

Una hadi tarehe mbili.

Zohra Mahjub


La Marsa, 13 Novemba 2017

Bibi Zohra,

Umenikamata. Nitasema nani alifanya nini.

Latif alikuja ubalozini tarehe 7 Mei 1991. Pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda, na mara tatu tulikuwa tumekataa kumpa mpya kwa sababu ya vikaratasi walivyokuwa wakigawa wanafunzi chuoni kwake. Safari hii alikuja na barua kutoka nyumbani kwamba mama yake ni mahututi. Alikuwa amevaa koti kubwa la kuazima. Nilimwingiza ofisini, na kahawa ilikuwa tayari mezani. Aliniuliza, "Nikienda, watanikamata?" Nikamwambia nimezungumza na wakubwa nyumbani, hakuna jambo, nenda kamuone mama. Nilikuwa sijazungumza na mtu. Nikatia sahihi. Alinibusu begani, kama kijana anavyombusu mjomba wake, na alipotoka nikawapelekea polisi wa nyumbani namba ya ndege yake kwa teleksi. Mwezi uliofuata nilipandishwa cheo.

Nilipelekwa Japani. Huko nikanywa hadi mke wangu akaondoka na binti yetu, na siku moja nikaanguka katikati ya dhifa mbele ya wageni, wakanistaafisha kimyakimya. Mtawa mmoja mzee alinichukua nikafagie uwanja wa hekalu lake. Miaka sita sikufanya kingine ila kufagia na kukaa. Kisha nikasomea tiba ya nafsi, nikarudi nyumbani nikidhani nimebadilika.

Latif alipoingia kwangu nilimjua kabla hajakaa. Yeye hakunijua, maana siku zile nilikuwa na masharubu, nywele, na kilo ishirini zaidi. Nilimpa majina ya matabibu watatu wengine. Wawili alikwisha kuwakimbia, na kwa wa tatu alikaa dakika kumi, akarudi, akaniambia ni kwangu tu anaweza kukaa kimya bila kuogopa. Sheria ya kazi yangu ilinitaka nimwambie siku ile ile. Nilijipa moyo kwamba kunyamaza ndiyo huruma. Sisi watu wa Zen tunausifu sana ukimya, na mimi nikapata pa kujibanza. Jibu la swali lako ni hilo. Tangu mlangoni.

Nitamwambia Jumanne tarehe 21, katika chumba kidogo ambamo kila mwanafunzi huonana nami peke yake. Nitasema langu tu.

Lakini liko jambo lisilo langu, na umetaka niliseme. Nakala ya barua ile ya ugonjwa wa mama yenu ilifika mezani kwangu siku nne kabla Latif hajaipata yenyewe, ndani ya bahasha ya serikali, pamoja na maelezo ya afisa aliyesimamia ikiandikwa. Ndiyo maana kila asubuhi ya siku zile kahawa ilikuwa tayari. Najua mama yenu alikuwa mzima. Najua mkono ulikuwa wa nani. Latif hatalisikia kwangu hata akinibana. Nakuambia kwa sababu moja tu, kwamba ataniuliza, na nikikataa kujibu itambidi amuulize mtu mwingine.

Nejib Jaziri


Nabeul, 21 Novemba 2017, asubuhi

Si Nejib,

Nakuita Si leo, kama tunavyomwita mwanamume tunayemheshimu. Cheka ukitaka.

Nimechana barua nne. Ya kwanza nilikuuliza kama unanitisha. Ya pili nilikuita mwongo. Za tatu na nne hazikufika hata mstari wa pili.

Ndiyo. Mkono ni wangu.

Nakuomba usimwambie. Nimekuandikia kwa ukali wiki tatu kama mtu safi, nakuuma wala sipulizi, kumbe nilikuwa nakuhitaji. Nilipoiona sahihi yako dirishani, kabla ya hasira nilipata raha. Nilijiambia, kumbe mwenye kosa huyu hapa, ana jina na anuani, na mimi naweza kumnyooshea kidole mbele ya Latif na mambo yakaishia kwake. Nilisahau kwamba nyuma ya karatasi yako iko barua yangu. Au sikusahau. Sijui tena.

Chukua tarehe mbili yako. Andika jina unalotaka, tia sahihi. Nitakuja nimevaa vizuri, nitaleta makrudhi, zile keki ndogo za tende, nitakaa nyuma, nitapiga makofi kama mnapiga. Kila Ijumaa miaka kumi na mitano namwekea nyama ya juu ya kuskusi, ile nono, na yeye ananiita dada. Akijua, ataniita nani? Na akienda darini, safari hii nitapandaje kumkata kamba na mikono hii iliyoandika?

Leo ni Jumanne, najua. Nilisimama mlangoni nikamwangalia akienda stendi na kifurushi chake cha kushonea. Aligeuka akanipungia. Nilifungua mdomo nikamkumbusha achukue mwavuli. Namba yako ya simu iko kwenye simu ya Latif, na simu ya Latif iko mfukoni mwa Latif. Naipeleka barua hii posta sasa hivi, wakinifungulia mapema. Najua haitafika. Lakini huenda umeahirisha. Huenda umeogopa, kama mwaka ule, uogope tena mara moja tu kwa faida yangu.

Zohra


La Marsa, 21 Novemba 2017

Bibi Zohra,

Nimemwambia leo saa tano.

Nilipiga kengele, akaingia, akainama kama desturi ilivyo, tukakaa goti kwa goti. Nilisema yale niliyokuandikia, kwa mpangilio ule ule: koti, kahawa, busu la begani, teleksi. Nilipomaliza alisema, "Rudia, polepole." Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu alikuwa amefumba macho na akiitikia kwa kichwa kila ninapofika mahali anapopajua.

Kisha aliuliza swali moja. "Kahawa ilikuwa moto. Ulijuaje kwamba nitakuja asubuhi ile?"

Nilimwambia hilo siwezi kulijibu. Akasema, "Basi." Akainama tena, akachukua viatu vyake, akatoka. Nilijiambia nimwachie nafasi, na huo ulikuwa ujinga, kwa sababu nilipomfuata stendi sikumkuta. Dereva wa basi la Nabeul anamjua na hajampakia. Simu yake imezimwa.

Akiwa ameshafika kwako, barua hii itupe. Kama hajafika, jua kwamba namtafuta.

Nejib Jaziri


Chini ya mlango wako, La Marsa, 25 Novemba 2017

Si Nejib,

Nimekuja, nimegonga, jirani yako anasema huonekani tangu juzi, unazunguka hospitali na vituo vya polisi. Mimi nimetoka huko huko. Kituo kimoja waliniuliza kama ana maadui. Nikasema hapana, ana dada.

Siku ya nne hii. Nimepanda darini mara sita. Nimetazama ndani ya tangi la maji. Majirani wananiuliza natafuta nini huko juu, nawaambia paka.

Ukimpata kabla yangu mwambie swali lake jibu lake ninalo mimi. Mwambie hivyo hivyo, kwamba Zohra kasema jibu analo yeye. Sikuombi tena umfiche. Mwambie tu awe hai alisikie.

Nakwenda kukaa stendi. Basi la mwisho likiondoka nitarudi nyumbani, asije akafika akakuta mlango umefungwa.

Zohra


El Kef, 26 Novemba 2017

Si Nejib,

Niko hai. Waambie wanaokuuliza.

Niko kwa rafiki niliyefungwa naye, tunavuna zeituni. Mikono yangu imejaa mikwaruzo na nalala vizuri. Usingizi niliupatia kwako, lakini ni wangu sasa, sikurudishii.

Nimekaa mbele ya ukuta wako Jumanne karibu mia. Kila mara tulianza kwa maneno ya toba, wewe mbele na sisi tukifuatisha, tukikiri mabaya yetu yote ya tangu zamani. Nilikuwa nakuona umeinama hadi paji la uso linagusa mkeka, nikasema huyu ni mtu mnyenyekevu. Kumbe "yote" ni neno zuri kwa mtu asiyetaka kutaja moja. Nina hasira nawe, Si Nejib. Siyo ya mwaka 1991, ile nimeizoea. Nina hasira kwa sababu nilikusimulia habari ya seli namba tisa, nikalia, ukanipa kitambaa.

Sirudi. Vazi nimelimaliza, upindo wa mwisho nimeupiga hapa chini ya mizeituni. Nyuma halina maandishi na litabaki hivyo, lakini nitalivaa. Wewe tarehe mbili simama mbele ya watu wako, uwaeleze kwa nini Latif Mahjub hayupo. Taja siku, taja teleksi. Wakibaki, wafundishe. Wakiondoka, fagia.

Kuhusu swali ulilokataa kujibu, jibu nilikuwa nalo kabla sijakuuliza. Nilitaka kuona kama utamuuza na dada yangu. Hukumuuza. Hilo nakuhesabia.

Usinijibu.

Latif


El Kef, 26 Novemba 2017

Dada Zohra,

Usipande darini. Niko El Kef kwa Hamadi, nakula vizuri, nachuma zeituni. Nisamehe kwa siku hizi tano. Nilitaka kukupigia, nikaogopa sauti yako ingenifanya nirudi kabla sijamaliza kufikiri.

Nimejua tangu kapu la kwanza.

Mama alikuja gerezani mwezi wa saba na kapu la chakula, pilipili za kukaanga, mayai na mkate. Tukasimama, waya katikati yetu, askari pembeni. Barua yako ilisema ini. Nikamuuliza, "Mama, ini linaendeleaje?" Alishtuka, akafikiri kidogo, akaweka mkono upande wa kushoto, ambako ini haliko, akasema namshukuru Mungu, limepoa. Mama huyo aliyechinja kondoo wa kila Idi na kuwafundisha wanawake wa mtaa mzima kupasua. Nikamtazama. Akanitazama, na macho yake yakaniomba nisiulize tena. Sikuuliza, miaka yote kumi na mmoja ya kapu. Alikufa akidhani amenidanganya, au akijua hakunidanganya. Nadhani alijua.

Ulipokuja wewe mara ya kwanza ulikuwa umekonda kuliko mimi mfungwa. Nikasema nitakuuliza nikitoka. Nilipotoka nikasema nitangoja aniambie mwenyewe. Nilikuwa na hasira miaka mitatu hivi, kisha ikaniisha. Ulikuwa msichana, wao walikuwa serikali. Hilo silihitaji kuelezwa.

Ninachoshindwa kukimeza ni hiki. Nilipokupa mwaliko, uliitazama ile sahihi hadi kuskusi ikapoa, na kesho yake kopo la mama halikuwa mahali pake. Nikadhani, leo ataniambia. Hukuniambia. Si Nejib hakulitaja jina lako, lakini mtu aliyenyamaza miaka miwili hasemi ghafla bila kusukumwa, na hakuna mwingine wa kumsukuma. Umemlazimisha mtu wa mbali aungame ili wewe usiungame. Miaka kumi na mitano unaniwekea nyama ya juu, dada. Nyama siitaki. Nataka uniambie.

Kwa hiyo nitabaki hapa. Niandikie. Usiniandikie "nisamehe", na usiniandikie "mambo yale yaliyotokea". Niandikie siku yenyewe: nani alikaa wapi, ulishika kalamu gani, mama alikuwa wapi. Nikiisoma nitarudi. Isipokuja sitakudhuru wala sitajidhuru, lakini nyumba yangu itakuwa huku.

Latif


Nabeul, 30 Novemba 2017

Latif,

Ilikuwa Jumatano, tarehe 24 Aprili 1991, baada ya adhuhuri. Nilikuwa nimetoka shule. Walikuwa wawili. Mmoja alisimama mlangoni. Mwingine alikaa kwenye kiti cha baba, kile ambacho hata sisi hatukukikalia tangu baba afe, na mimi nikamwona anakaa na sikusema kitu.

Mama alikuwa uani anachemsha maua ya mchungwa, sufuria ya shaba iko motoni, nyumba nzima inanukia. Alikuwa mzima kabisa, Latif. Alikuwa anaimba.

Yule wa kwenye kiti alitoa mfukoni barua yangu ya ajira. Sijui waliipataje shuleni. Nilikuwa na miezi saba kazini. Akaiweka mezani, na kando yake karatasi tupu, akasema nichague ipi nitabaki nayo. Sikupigwa. Hakuna aliyenigusa. Nataka ulijue hilo, kwa sababu miaka mingi nimejisimulia kana kwamba nilipigwa. Alinipa dakika tano za kufikiri, na mimi nilitumia moja.

Nilichukua kalamu yangu ya kusahihishia. Akasema nyekundu hapana, akanipa yake, ya bluu. Yeye alisema, mimi niliandika. Nilitaka kuandika moyo, akasema moyo ni wa sinema, andika ini. Mama aliingia katikati na sahani ya biskuti kwa ajili ya wageni. Akaniuliza naandika nini, nikasema ni karatasi za shule. Yule mtu alichukua biskuti mbili na kumshukuru. Walipoondoka mama alinitazama usoni, akachukua sahani akaenda kuiosha, na zile zilizobaki akawatupia kuku. Sikumwambia. Siku alipotoka kwako na kapu tupu alipika, akaniwekea chakula, akakaa nami nikala. Hakuniuliza na mimi sikumwambia, mpaka tukamzika.

Nilibaki na ajira. Nikawa mwalimu mkuu. Watoto wote wa shule yangu wamejifunza kuandika barua, mwanzo, kiini na tamati, na kila mwaka nikifika somo hilo naugua, mwalimu mwingine analifundisha.

Nilipofika mwisho wa karatasi nilimuuliza nimalizie vipi. Akasema, "Malizia unavyomaliza siku zote, asije akashtuka." Nikaandika, rudi, nakungoja, dada yako akupendaye. Maneno hayo hakuyasema yeye. Yalikuwa yangu, na ndiyo pekee ya kweli katika barua nzima, na mimi najua ndiyo yaliyokupandisha ndege.

Leo nimekaa hapa na kalamu tangu asubuhi, sijui nimalizie vipi.

Zohra